Ngozi, Nywele na Kucha: Tuujue Ukuta Unaotulinda

Mazungumzo haya tuliyatoa kwa wahudumu wa afya wa vijiji na viongozi wa vikundi vya akina mama, siku chache kabla hawajaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa, kwa kuwa wengi waliomba nakala.



Tumepewa saa moja ya kuzungumza nanyi juu ya ngozi, nywele na kucha. Tunafahamu kwamba baadhi yenu mlitegemea malaria au lishe ya watoto, na mmoja ametuuliza pale mlangoni kama leo ni somo la urembo. Urembo utakuwemo kidogo. Lakini kazi mnayokwenda kuianza ni ya kuingia katika nyumba za watu, na kitu cha kwanza ambacho macho yenu yatakutana nacho ni ngozi. Anayejua ngozi imejengwa namna gani na inafanya kazi gani, ataona jambo ambalo mwingine atalipita. Katika ugonjwa mmoja tutakaoufikia baadaye, tofauti kati ya kuona na kupita ni vidole vya mtu.

Ukuta uliojengwa kwa matabaka

Tuanze na ukubwa wake. Kama ingewezekana kuitandaza ngozi ya mtu mzima chini kama mkeka, ingefunika kati ya mita za mraba moja na nusu na mbili. Hiki ndicho kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini. Lakini kwa kuwa hakijajificha ndani kama ini au moyo, tumezoea kukiona kama nguo tu.

Ngozi ina matabaka. Tabaka la juu ni jembamba sana, na halina mshipa wa damu hata mmoja. Ndiyo maana ukijikwaruza kidogo ukutani unaona alama nyeupe bila damu kutoka. Chini kabisa ya tabaka hilo seli mpya huzaliwa kila siku. Zinazozaliwa leo zinazisukuma juu zile za jana, na zikiwa njiani zinajaa kitu kigumu kiitwacho keratini, zinabanwa, zinakuwa bapa na kufa. Zikifika juu zimelaliana kama makuti ya paa, zikisubiri kupukutika. Safari yote huchukua kama mwezi mmoja. Kwa hiyo ile nongo tunayoisugua kwa dodoki kila Jumamosi si vumbi la barabarani peke yake. Sehemu yake kubwa ni sisi wenyewe wa mwezi uliopita.

Katikati ya seli hizo kuna mafuta yanayofanya kazi ya udongo wa kujengea kati ya tofali na tofali. Mafuta hayo huzuia maji ya mwili yasitoke na vijidudu visiingie. Mtu aliyeungua sehemu kubwa ya mwili hufa kwa sababu ukuta umebomoka: maji yanamtoka kwa wingi na vijidudu vinaingia bila kizuizi. Hapa tunaomba tuseme jambo moja la jikoni. Mtoto akiungua kwa uji au chai, mwagieni maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, kisha mfunikeni kwa kitambaa safi na kumpeleka zahanati. Si dawa ya meno, si unga, si yai, si mafuta ya taa. Vitu hivyo hushikilia joto ndani au huleta vijidudu, na mganga atalazimika kuvikwangua kutoka kwenye kidonda kabla ya kumtibu mtoto.

Tabaka la pili ni nene na imara. Ngozi ya ng'ombe inayotengenezewa viatu na mikanda ni tabaka hili. Humo ndimo ilimo mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, tezi za jasho, tezi za mafuta na mizizi ya nywele. Chini yake kuna mafuta yanayotukinga na baridi na kutupunguzia maumivu tunapoanguka.

Unene wa ngozi haulingani kila mahali. Kope la jicho lina ngozi nyembamba sana, na unyayo una ngozi nene kuliko sehemu nyingine yoyote. Mahali panaposuguliwa mara kwa mara, kama kiganja cha mwenye jembe, ngozi hujiongezea unene na kufanya sugu. Na kwenye ncha za vidole kuna mistari ambayo kila mtu anazaliwa nayo ya kwake, hata mapacha wa kufanana hawalingani. Waliokwenda kusajili laini za simu kwa alama za vidole tangu mwaka 2019 wameona jinsi mashine inavyokataa vidole vya fundi muashi au mama anayeponda kokoto. Mistari imelika kwa kazi. Wakipumzisha mikono kwa wiki kadhaa hurudi, kwa sababu ramani yake iko chini zaidi ya pale palipolika.

Jasho

Mtu ana tezi za jasho kati ya milioni mbili na nne. Kazi yake mnaijua tayari kama nyumbani mna mtungi. Maji ya mtungini hupoa kwa sababu kidogo yanapenya kwenye udongo, yanafika nje na kukauka, na yakikauka yanaondoka na joto. Ngozi inafanya vivyo hivyo. Siku ambayo hewa ina unyevu mwingi, kama Tanga au Dar es Salaam mwezi Machi, jasho linatiririka bila kukauka, na ndiyo maana mtu analowa lakini hapoi.

Jasho lenyewe linapotoka karibu halina harufu. Harufu ya kwapa hutokana na bakteria wanaokula jasho zito la sehemu hizo. Kwa hiyo kijana anayeanza kubalehe anahitaji maji, sabuni na shati safi. Kumkemea mbele ya wenzake hakutampunguzia harufu.

Tunaomba mkumbuke jambo moja hapa, kwani tutalirudia: tezi za jasho hufanya kazi kwa amri ya mishipa ya fahamu. Amri isipofika, jasho halitoki, na ngozi isiyotoa jasho hukauka na kupasuka.

Nywele na kucha

Nywele na kucha ni ndugu. Vyote viwili ni keratini ile ile ya juu ya ngozi, imefinyangwa kwa namna nyingine. Kwato za mbuzi ni hiyo hiyo, na pembe ya kifaru pia, ambayo watu wameua wanyama wengi kwa kuiamini kuwa dawa. Mwenye kuitafuta dawa hiyo angeweza kutafuna kucha zake.

Unywele ulio hai ni ule wa ndani ya ngozi tu, kwenye mzizi. Unaoonekana nje umekwisha kufa, na ndiyo maana kinyozi hatuumizi. Kichwani zipo nywele kama 100,000, kila mmoja hukua karibu sentimita moja kwa mwezi kwa miaka kadhaa, kisha hupumzika na kudondoka. Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida. Nywele zetu za kipilipili hutoka katika shimo lililopinda, na unywele wenyewe ni bapa kidogo, hivyo hujikunja. Mafuta ya kichwani hayawezi kuteremka kwa urahisi katika mizunguko ile. Basi zinakauka na kukatika upesi, na kuzipaka mafuta ni jambo la maana kabisa. Lakini chupa inayodai "kulisha" unywele uliokwisha kutoka nje inadai kulisha kitu kilichokufa.

Kinachotusikitisha zaidi ni watoto wa kike wanaosukwa kwa kukazwa mpaka ngozi ya paji la uso inavutika na macho kurefuka. Mzizi unaovutwa miaka na miaka mwishowe hufa, na upara wa pembeni mwa uso haurudi. Mtoto akilala huku analia kwa maumivu ya kichwa, fumueni usiku huo huo.

Kuhusu mapunye tuseme kwa ufupi. Kuvu wa mapunye anaingia ndani ya unywele na mzizi wake, mahali ambapo mafuta ya kupaka hayafiki. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, nayo hutolewa kwa maelekezo ya mganga. Wembe au mashine ya kunyolea isitumike kwa mtoto wa pili kabla ya kusafishwa.

Kucha huzaliwa chini ya ngozi iliyopo nyuma yake, pale penye kijimwezi cheupe. Ya mkono hukua kama milimita tatu kwa mwezi, ya mguu polepole zaidi, hata mwaka mmoja na nusu kwa kidole gumba kilichong'oka. Ukucha ni dirisha pia. Bonyezeni ukucha wa mama mjamzito na kuuachia: wekundu usiporudi vizuri, na viganja vikiwa vyeupe, mpelekeni apimwe damu. Kucha zilizobonyea kama kijiko huonyesha upungufu wa madini ya chuma wa muda mrefu, na ncha za vidole zilizovimba kama kirungu huweza kuonyesha ugonjwa wa mapafu au wa moyo.

Kwa upande wa mapambo, hina ya majani tunayoijua haina shida kwa watu walio wengi. Piko nyeusi ni jambo jingine. Hiyo ni dawa ya kutia nywele rangi, na ina kemikali ambayo kwenye ngozi ya mikono huweza kuleta malengelenge na makovu, na mtu akishadhurika nayo mara moja, mwili wake utaikataa maisha yote. Bibi harusi kuingia ukumbini na mikono iliyovimba si jambo geni kwa wauguzi wa pwani.

Na funza, ambaye hupenda kuingia pembeni mwa kucha za miguu, si mwenyeji wa huku. Aliletwa na meli kutoka Brazili hadi pwani ya Angola mwaka 1872, na kabla karne ile haijaisha alikuwa amelivuka bara zima hadi pwani yetu. Sindano moja ikizunguka miguu ya watoto wote wa nyumba inaweza kuzungusha pepopunda na magonjwa ya damu. Kila mtoto na sindano yake, iliyochemshwa.

Rangi ina kazi

Sasa tuingie kwenye rangi, na hapa tutakaa kidogo.

Chini ya lile tabaka la juu kuna seli maalumu zinazotengeneza rangi iitwayo melanini. Idadi ya seli hizo karibu inalingana kwa watu wote duniani, Mzungu, Mhindi na Mwafrika. Tofauti ni kiasi na aina ya rangi inayotengenezwa. Seli hizo hugawa rangi yake kwa majirani, na kila jirani huiweka juu ya kiini chake kama mtu anavyoweka kofia, upande ule ule jua linakotoka. Miale ya jua ikishuka inaikuta kofia. Hiyo ndiyo kazi ya weusi wetu. Ni mwavuli, na kila seli ina wa kwake.

Ukitaka kuujua umuhimu wa mwavuli, mtazame aliyezaliwa bila huo. Inakadiriwa kwamba Tanzania mtoto mmoja kati ya kila 1,400 huzaliwa na ualbino, idadi kubwa kuliko sehemu nyingi za dunia. Seli za rangi anazo, ila haziwezi kutengeneza melanini. Amerithi hali hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili, baba na mama sawasawa, hata kama wote ni weusi. Kwa hiyo baba anayemfukuza mkewe kwa sababu hiyo anajifukuza mwenyewe. Mauaji ya watu hawa tuliyoyasikia nchini katika miaka ya 2000 hayajasahaulika. Lakini ukiacha panga, jua nalo linawaua, taratibu, kwa saratani ya ngozi, wengine wakiwa bado vijana. Mtoto wa namna hii anahitaji kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu, kukaa kivulini kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, na losheni ya kuzuia jua. Kule Moshi, katika hospitali ya KCMC yenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun kwa ajili yao. Mkimkuta mtoto huyu, mwambieni mwalimu wake amketishe mbele darasani, kwani macho nayo hayana rangi ya kutosha na haoni mbali. Kidonda chochote usoni au sikioni kisichopona kwa mwezi mmoja kionwe na mganga.

Sasa tazameni maajabu ya dunia. Mmoja hana mwavuli na anakufa kwa kuukosa. Mwingine anao, na anatoa fedha ya soko ili auchane.

Hatuko hapa kumcheka anayejichubua. Msichana amesikia tangu utoto kwamba mweupe ndiye mzuri. Ameona nani anaposwa haraka na nani anawekwa mbele ya kaunta. Vijana wanamwita uso wa Fanta na miguu ya Coca-Cola, na kicheko hicho hakijamwachisha hata mmoja. Tumwambie badala yake kilichomo ndani ya kopo.

Mkorogo mara nyingi una kimoja kati ya vitu vitatu, au vyote. Cha kwanza ni haidrokwinoni, inayozuia utengenezaji wa melanini. Ikitumika muda mrefu chini ya jua letu, huleta madoa meusi ya rangi ya kijivu na bluu mashavuni, ambayo ni magumu mno kuondoa. Mtu alitafuta weupe akapata weusi usio wa kwake. Cha pili ni steroidi kali, dawa halali ya hospitali kwa magonjwa fulani na kwa siku chache. Ikipakwa mwili mzima kwa miezi, ngozi inakonda kama karatasi, michirizi inatokea mapajani na mikononi, na kidonda kinachelewa kupona. Akihitaji upasuaji wakati wa kujifungua, nyuzi zinakosa ngozi imara ya kushika. Aliyeizoea steroidi asiiache ghafla peke yake, kwani ngozi huwaka na kuvimba. Aende kwa mganga aongozwe.

Cha tatu ni zebaki. Hii haibaki kwenye ngozi. Inapenya hadi kwenye damu na kuharibu figo, na mtoto anayenyonya au kulala kwenye shuka moja na mama yake anaipata bila kupaka chochote. Kopo haliwezi kuandika zebaki kwa Kiswahili, lakini lipo jambo dogo linaloisaliti: baadhi ya makopo hayo huonya kwamba mafuta yasigusane na pete au mkufu wa dhahabu, fedha au aluminiamu. Zebaki hula madini hayo. Mafuta yanayoogopewa na dhahabu, sisi tunayapaka usoni! Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, mkataba uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu walidhurika kwa zebaki iliyoingia kwenye samaki, zilikubaliana mwaka 2023 kuondoa zebaki yote katika vipodozi ifikapo 2025. Hapa Tanzania Bara kazi ya kusimamia vipodozi ipo chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019. Hata hivyo makopo bado yanapita mipakani na kuuzwa minadani, na mkaguzi hawezi kufika kila mnada. Ninyi mnafika.

Mkono uliozoea moto

Tumewahi kumsikia mama mmoja akisifiwa na jirani zake kwamba mikono yake imezoea moto. Aliweza kuepua sufuria ya ugali bila kitambaa huku wengine wakishangilia. Hakuna mkono unaozoea moto. Upo mkono usiosikia.

Ukoma husababishwa na bakteria aliyegunduliwa na daktari Gerhard Armauer Hansen wa Norway mwaka 1873. Bakteria huyu hupenda sehemu zenye ubaridi kidogo: ngozi, pua, ncha za masikio, na mishipa ya fahamu inayopita karibu na ngozi. Anazaliana polepole mno. Kutoka kuambukizwa hadi dalili kuonekana huchukua kama miaka mitano, na wakati mwingine 20. Watu walio wengi wana kinga ya asili na hawaugui hata wakiambukizwa. Hauletwi na kushikana mikono sokoni wala kukaa benchi moja. Unahitaji kukaa karibu kwa muda mrefu na mgonjwa ambaye hajaanza tiba.

Sasa rudini kwenye kila kitu tulichokisema tangu asubuhi. Baka la ukoma ni mahali ambapo ngozi imepoteza kazi zake moja baada ya nyingine. Rangi inafifia au inakuwa nyekundu kama shaba. Nywele ndogo za pale zinapukutika. Jasho halitoki, kwa sababu amri haifiki, na pale panakuwa pakavu wakati ngozi inayopazunguka imelowa. Na hisia inakufa. Haliwashi, haliumi. Ndiyo maana mtu halipeleki hospitali: nani anapanga foleni kwa ajili ya kitu kisichomuuma?

Choa huwasha, na ukingo wake una magamba. Mba una magamba laini, na watu huupata kifuani na mgongoni wakati wa joto. Mbalanga hufanya ngozi kuwa nyeupe kabisa kama karatasi, lakini ukiigusa mtu anasikia. Lililofifia na lisilosikia ndilo la kushuku. Wapo pia wagonjwa wasio na baka wazi, bali wana vinundu usoni, ncha za masikio zimenenepa, na nyusi zinapungua kuanzia pembeni.

Watu husema ukoma unakata vidole. Ukoma haukati. Mkono usiosikia unashika sufuria ya moto, unachomwa na mwiba, unang'atwa na panya usiku, na mwenyewe hajui mpaka aone usaha. Kidonda kinafika mfupani, mfupa unaoza na kupungua. Ni majeraha ndiyo yanayochukua vidole, na majeraha yanazuilika. (Mgonjwa wa kisukari wa muda mrefu naye hupoteza hisia miguuni kwa njia nyingine na kuishia kwenye kidonda kile kile, kwa hiyo mtakapokagua nyayo, msiwaache hao.)

Tiba ipo. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limependekeza mchanganyiko wa dawa, na tangu 1995 zinatolewa bure duniani kote. Siku hizi ni rifampisini, dapsoni na klofazimini, kwa miezi sita au 12 kulingana na aina ya ugonjwa. Muda mfupi tu baada ya kuanza, mgonjwa haambukizi tena. Hana sababu ya kutengewa chumba wala kikombe. Lakini wapo wanaoacha njiani, na mara nyingi kwa hofu. Rifampisini hufanya mkojo kuwa mwekundu, na mtu anadhani ni damu. Klofazimini hufanya ngozi iwe nyeusi au ya kahawia, na majirani wanaanza kusema. Mwambieni mapema kwamba hayo yote huondoka polepole baada ya dawa kumalizika. Mkimwambia baadaye, atakuwa amekwisha kuzitupa.

Akipata ghafla maumivu kwenye mshipa wa kiwiko, au mkono ukaanza kulegea, hata kama yumo katikati ya dozi, asisubiri siku ya kliniki. Mshipa umevimba. Akipewa dawa ya kutuliza uvimbe kabla miezi sita haijapita, mara nyingi nguvu na hisia hurudi. Baada ya hapo matumaini hupungua sana. Hayo tuliyasema mwanzoni kuhusu vidole tulikuwa na maana hii.

Tanzania ilifikia mwaka 2006 kiwango cha kuhesabiwa kuwa imeushinda ukoma kitaifa, yaani chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000. Ni hatua kubwa, ila ina upande wake wa pili. Mganga kijana wa leo anaweza kufanya kazi miaka mitatu bila kumwona mgonjwa, na akimwona anaandika dawa ya fangasi. Wakati huo huo wagonjwa wapya bado wanagunduliwa nchini kila mwaka, na duniani mwaka 2023 walizidi 170,000. Mkipeleka mtu zahanati kwa baka lisilosikia, semeni wazi kwamba halisikii, na akipewa mafuta ya fangasi mara mbili bila nafuu, ombeni apelekwe kwa mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya. Waliokaa nyumba moja naye wachunguzwe pia. Tangu 2018 kuna pendekezo la kuwapa dozi moja ya rifampisini kama kinga.

Kwa yule ambaye hisia zimekwisha kupotea, kila jioni aloweke miguu katika maji ya kawaida kwa nusu saa, asugue sugu polepole kwa jiwe, kisha apake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu ili yashikilie maji ndani. Mafuta ya kupikia yanatosha. Avae viatu vyenye soli ngumu chini na laini ndani, na ndani yake avikague kabla ya kuvaa. Jikoni, kitambaa cha kuepulia kifungwe kwenye mpini wa sufuria, kisiachwe msumarini.

Basi, maneno yametosha. Mezani kuna pamba na karatasi zenye mchoro wa mwili, mbele na nyuma. Gawaneni wawili wawili, wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume. Sokoteni pamba iwe na ncha nyembamba. Kwanza mguse mwenzako mkononi akiwa anatazama, ili aelewe. Kisha afumbe macho, na kila anapoguswa aonyeshe kwa kidole kimoja ni wapi. Msiulize "unasikia?", kwa maana atajibu ndiyo kwa heshima tu. Mguseni bila kusema neno, na msubiri kidole chake.